Zamu ya Kaka

Nyumbani kwa shemeji yangu, nyuma ya Marigat, kuna mkebe wa majani ya chai ambao haujaona chai kwa miaka mingi. Humo ndimo zinamokaa karatasi za nyumba: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, matokeo ya darasa la nane, na sasa cheti cha kifo cha kaka yangu. Chini kabisa, imekunjwa mara nne, imo stakabadhi aliyopewa kituoni Aprili 2019. Ni nusu karatasi iliyochanwa kwenye kitabu cha kaboni, na maandishi yake yamepauka. Inasema kuwa serikali imepokea bunduki moja aina ya G3, ikataja nambari yake, magazini moja, na risasi 19.

Alikuwa amekabidhiwa 20.

Kila nikienda nyumbani shemeji hunitolea mkebe huo bila kuombwa, akaniwekea mezani, akarudi jikoni. Hasemi neno. Mimi ni mwalimu, riziki yangu ni kusoma na kusomesha, na karatasi ile nimeisoma hadi nambari ya bunduki imekaa kichwani mwangu kama nambari ya simu ya mtu wangu wa karibu. Bado sijaimaliza.

Kaka alikuwa polisi wa akiba. Kwa asiyejua mambo ya kwetu Baringo: huyo ni raia anayepewa bunduki ya serikali ili alinde kijiji chake. Mchana anachunga, analima mahindi ya kumwagilia, anauza asali barabarani. Usiku yuko macho. Wakati wa kaka hakukuwa na mshahara wala pensheni. Alichopata ni bunduki, risasi za kuhesabu, na wakati mwingine koti la mvua. Wazee ndio waliokaa chini ya mti na kutoa majina, chifu akayaandika. Kaka walimchagua mwaka 2006 kwa sababu mbili ambazo kila mtu alizijua: halewi, na hana haraka. Miaka mingi baadaye niliposoma Sheria ya Silaha, Sura ya 114, nikakuta inamtaka ofisa aridhike kwamba mwombaji ana sababu njema ya kuwa na bunduki, na kwamba si mlevi wala mtu wa akili isiyotulia. Wazee wetu hawakuwa wameisoma sheria hiyo. Walikuwa wamefika palepale kwa njia yao.

Kabla ya bunduki ile, Mama alilala na viatu. Raba nyeusi za turubai, kamba zimefungwa, juu ya kitanda. Sisi watoto tulikua tukidhani kila mama hulala hivyo. Tuliamshwa mara nyingi kukimbilia kwenye vichaka vya mathenge, ile miiba iliyoletwa miaka ya themanini kuzuia jangwa ikaja ikatumeza sisi na malisho yetu, na kila mara Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwa tayari. Akitua jioni, kazi za siku zimeisha, swali lake lilikuwa moja: "Leo ni zamu ya nani?" Wanaume walikuwa wakipokezana kukaa nje na rungu na mikuki, na Mama alitaka jina.

Kaka alipopata bunduki, jibu likawa moja kila usiku. Baada ya mwezi hivi Mama akaanza kuvua raba. Aliziweka chini ya kitanda, pua zikitazama mlangoni, lakini alizivua. Nilikuja likizo nikaziona pale chini, na hadi leo nikisikia watu wakibishana juu ya bunduki, redioni au kwenye matatu, picha inayonijia ni ya zile raba mbili tupu.

Sisemi kwamba nyumba ilifurahi. Bunduki ni mgeni asiyezoeleka. Kaka aliisafisha kila Jumapili baada ya ibada, ameketi juu ya gunia, mafuta yake kayatia kwenye chupa ya zamani ya dawa ya kikohozi, na watoto walifukuzwa hadi ng'ambo ya zizi. Shemeji hakuweza kulala kabla hajahakikisha kwamba mtutu umeelekea ukutani. Kilo nne na ushee za chuma, na zote alizibeba yeye pia, kwa kuzitazama tu.

Halafu ikaja ile risasi moja.

Ilikuwa 2013, msimu wa mvua ndefu, usiku usio na mwezi. Mbwa walibweka upande wa chini wa zizi, mbuzi wakasongamana upande wa juu. Kaka aliita mara tatu. Aliita kwa Kiswahili, kwa kuwa Kiswahili ndicho kila mtu wa huko anakijua, rafiki na asiye rafiki. Hakujibiwa. Alisikia tawi la boma likivutwa, akafyatua mara moja, na watu wakasikika wakikimbia, wengi kiasi. Alikaa palepale hadi mapambazuko, kwa kuwa mtu mwenye busara hafuati giza.

Asubuhi walimkuta nje ya boma. Kijana, labda miaka 16, labda 17. Hakuwa na bunduki. Alikuwa na fimbo na kamba ya kufungia mnyama, na miguuni akala zilizomzidi kipimo, moja imefungwa kwa uzi wa plastiki wa buluu ili isimtoke. Waliokuwa na bunduki, kama walikuwepo, walikuwa wameondoka nazo. Polisi walifika jua la saa sita, wakamchukua, wakamwandikisha kaka maelezo. Umetumia ngapi? Moja. Ikaandikwa.

Akala moja ilibaki imenasa kwenye miiba, ile yenye uzi wa buluu. Kaka aliitoa, akaiangika juu ya nguzo ya nje ya boma, upande wa njia, mahali ambapo mpita njia yeyote angeiona. Nilipomuuliza ya nini, aliniambia: "Mtu alifunga uzi ule. Akipita ataujua." Kwamba huenda mtu huyo angekuja na wengine, wenye silaha, alilijua vizuri kuliko mimi. Hakuitoa. Ilikaa pale miaka mitatu, jua likaipasua, uzi ukageuka mweupe. Hakuna aliyekuja kuiulizia. Hiyo risasi ya 20 serikali haikuirudisha, na kaka hakuiomba. Akiulizwa ana risasi ngapi alijibu, "Ishirini kasoro moja." Hata siku moja sikumsikia akisema kumi na tisa.

Kwa hiyo mtu asiniambie kwamba sijui bunduki hufanya nini. Na wala asiniambie kwamba sijui kukosekana kwake hufanya nini.

Nchi yetu ina historia nzito na jambo hili, na ni nzito kwa pande zote mbili. Sheria yetu ya silaha ilizaliwa miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, mkoloni alipokuwa akiogopa kila kichaka. Chini ya kanuni za wakati ule, Mwafrika kukutwa na bunduki, au hata risasi, kungeweza kumpeleka kitanzini. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na shtaka lililompeleka huko lilikuwa la kupatikana na bastola na risasi zake. Vita vyote vile, msitu wote ule, vikaingizwa katika kosa la kushika chuma bila kibali. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa maana ya kibali.

Uhuru ulipokuja, amri ya "leteni bunduki" haikubadilisha sauti katika sehemu za kaskazini. Nilifundisha miaka sita na mwalimu wa kutoka Wajir, mtu mpole, mwandishi mzuri wa ubao. Kila Februari alikuwa na siku ambazo hazungumzi. Februari 1984 wanajeshi na polisi waliwakusanya wanaume wa ukoo wa Degodia katika uwanja wa ndege wa Wagalla, kwa madai kwamba hawakusalimisha silaha. Walikaa juani siku kadhaa bila maji wala chakula, na wengi waliuawa hapohapo. Kwa miaka mingi serikali ilikiri vifo 57 tu. Watu wa Wajir wanahesabu kwa mamia, wengine kwa maelfu. Mwenzangu yule alikuwa na baba aliyeingia uwanjani mle. Aliniambia mara moja tu, tukisahihisha mitihani, kwamba nyumbani kwao haikuwahi kuwa na bunduki hata siku moja. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, na sisi tuliobaki hapa juu tunayaita mambo hayo "operesheni".

Upande wa pili nao ni wa kweli. Idi Amin alipoanguka 1979, kambi ya jeshi ya Moroto iliachwa wazi, na bunduki za ghala lile zikaingia Karamoja na kuvuka hadi kwetu. Mwaka 1991 serikali za Somalia na Ethiopia zikaanguka, zote mbili ndani ya miezi michache, na majeshi makubwa yakatawanyika na silaha mikononi. Wizi wa mifugo uliokuwa wa mikuki, wenye miiko yake, uliokuwa na siku za kupatana na fidia ya ng'ombe, ukawa wa rashasha. Mwaka 2008 watafiti wa Small Arms Survey walionyesha kwamba risasi zinazotengenezwa katika kiwanda cha serikali cha Eldoret zilikuwa mikononi mwa wafugaji wa Turkana, na kwamba zilifika huko kwa mkono wa polisi wenyewe. Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, wakifuata ng'ombe walioibwa. Wengi walikuwa vijana. Kila mmoja alikuwa na bunduki halali, yenye nambari kwenye daftari la serikali.

Ndiyo maana siwezi kukejeli juhudi za kukusanya silaha. Itifaki ya Nairobi ya 2004, iliyotiwa saini na nchi za ukanda wetu, inasema raia wasimiliki kabisa bunduki za rashasha, na mimi nikiisoma naikubali. Novemba 2016 bunduki 5,250 zilichomwa moto Ngong; Juni 2021 zikachomwa nyingine 5,144 palepale. Niliutazama moto wa pili kwenye televisheni ya chumba cha walimu. Chuma hakiungui kama karatasi. Kinachowaka ni vitako vya mbao, na mitutu hubaki imelala katika majivu, myeusi, ikingoja kuyeyushwa. Nilijua bunduki ya kaka haimo, kwa kuwa ile ilikuwa mali ya serikali na ilirudi ghalani. Hata hivyo nilijikuta nikisogea karibu na kioo, nikitafuta.

Aprili 2019 nilikuwa likizoni, kwa hiyo nilimsindikiza. Amri ilikuwa imetoka juu: polisi wa akiba wa sehemu zetu warudishe bunduki zote, wahakikiwe na kufunzwa upya. Ilisemekana wengine wanazitumia vibaya. Hilo pia ni kweli, na kaka mwenyewe alimjua mmoja aliyekuwa akiikodisha yake usiku na kuipokea asubuhi ikinuka baruti. Hakubisha. Alivaa shati la kanisani, akaifunga bunduki kwenye shuka, tukapanda pikipiki.

Kituoni sajenti alimwaga risasi mezani na kuzipanga tano tano. Safu tatu, na ya nne ikapungua moja. Akainua macho.

"Moja iko wapi, mzee?"

"Afande, iliandikiwa ripoti. Mwaka 2013."

Sajenti akaenda chumba cha nyuma, akarudi na daftari lililojaa vumbi, akafunua kurasa kwa kidole alichokilowesha ulimini. Ilichukua muda. Kaka alisimama wima, mikono kando, kama mtoto wa shule. Hatimaye kidole kikatua. Sajenti akasoma kimya, akamtazama kaka, akasoma tena. Kisha akaandika 19, akachana karatasi, akampa.

Kaka hakuondoka. Aliikunja ile karatasi, akauliza, kwa heshima kabisa, "Na leo usiku, afande, kule kutakuwa na nani?"

"Hilo, mzee, ni la wakubwa," sajenti alisema. Hakuwa mtu mbaya. Aliisema huku akitazama meza.

Njiani nilikaa nyuma ya kaka kwenye pikipiki, na mwendo wote bega lake la kulia lilikuwa likipanda kidogo na kushuka. Kwanza nilidhani ni barabara. Lilikuwa linatafuta mkanda. Miaka 13 ya mkanda haiwezi kuondoka siku moja. Jioni ile Mama akauliza zamu ni ya nani, na kaka akamjibu, "Yangu, Mama," kama kawaida. Mama alimtazama mikono yake. Kabla ya taa kuzimwa aliinama, akazivuta raba kutoka uvunguni.

Ndipo kosa lilipo, kwa maoni yangu, na nimelitafakari kwa muda mrefu kuliko jambo lingine lolote maishani mwangu. Serikali ilikuja ikachukua bunduki na ikaiacha zamu. Zamu haikuingia kwenye stakabadhi. Hakuna safu yake katika kitabu kile cha kaboni. Lakini ndicho kitu kizito kaka alichokuwa amekibeba miaka yote ile, na ndicho pekee ambacho dola inayosema "bunduki zote ni zangu" ilipaswa kukipokea kwanza, kwa mikono miwili, kabla ya kugusa chuma. Ukimpokonya mtu fimbo ya kuchungia, basi ng'ombe ni wako, uwachunge wewe.

Alikaa zamu miaka miwili na miezi tisa zaidi, kwa rungu na tochi. Usiku mmoja wa Januari 2022 wakaja. Kaka aliita mara tatu, kama alivyoita mwaka ule, na safari hii alijibiwa. Risasi ilimpata pajani, juu. Mwanawe wa kwanza, wakati huo ana miaka 16, alimfunga kwa shuka. Mimi nilikuwa Nakuru nikipiga simu kituoni, nikaambiwa gari halina mafuta. Walimweka kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mtoto, mtoto akimshika baba yake kifuani kutoka nyuma ili asianguke. Walikuwa hawajafika lami. Mtoto alijua kwa uzito. Aliniambia hivyo baadaye: "Baba mdogo, alikuwa mwepesi, halafu akawa mzito."

Polisi walifika jua limechomoza. Walipiga picha, wakaokota maganda ya risasi, wakaandika.

Kwenye matanga, mabishano yalianza hata kabla ya kaburi kuchimbwa. Kijana mmoja aliyesomea sheria alisimama akataja Katiba ya 2010: Kifungu cha 26, kila mtu ana haki ya kuishi, Kifungu cha 40, kila mtu ana haki ya mali. Akauliza, haki ya kulindiwa vitu hivyo ikikosekana, mtu hana haki ya kujilindia? Wengi walipiga makofi. Akaendelea kuwataja Wamarekani, kwamba kwao haki ya kuwa na silaha imeandikwa katika katiba tangu 1791. Akawataja na matajiri wa Nairobi ambao huruhusiwa bastola kwa kibali, wapimwe akili, wachukuliwe alama za vidole, wapewe kadi. Mwishoni mwa 2018 waziri wa usalama aliwataka wote wahakikiwe upya katika siku 90, na kelele walizopiga zilifika magazetini. "Bastola ya mwenye jumba la ghorofa inaitwa ulinzi," alisema. "Ya mchungaji inaitwa uhalifu."

Nilimsikiliza na moyo wangu ulikuwa naye. Lakini mzee mmoja, rika la baba yetu, akanyanyuka kwa fimbo yake. Alisema alimzika nduguye aliyeuawa kwa mikuki, akamzika mwanawe aliyeuawa kwa bunduki, na kwamba kila silaha mpya iliyoingia bonde hili ilikaribishwa kwa maneno hayohayo: ya kujilinda. Akakaa. Hakuna aliyepiga makofi, na hakuna aliyembishia.

Mimi nilitakiwa niseme kwa niaba ya nyumba. Nilitoa shukrani kwa waliofika, nikasema ratiba ya ibada. Maneno mengine hayakuja. Nilikuwa nikitazama nguzo ya boma, tupu, na nikawaza kwamba mahali fulani kwao kijana yule, upande wa Tiaty, mwaka 2013, kulikuwa na matanga yasiyo na maiti, na mwanamke anayejua kufunga fundo la uzi wa buluu. Hakupewa hata stakabadhi. Mwanawe ni ile nafasi moja iliyo kati ya 19 na 20 kwenye karatasi yetu. Tangu siku ile siwezi kumlilia kaka bila huyo kijana kuingia na kuketi naye. Sikumwalika. Nadhani kaka ndiye aliyekuja naye.

Februari 2023 serikali ilitangaza siku tatu za kusalimisha silaha, kisha ikawatuma wanajeshi na polisi katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa, yetu ikiwemo. Tuliona malori, tukasikia helikopta. Kulikuwa na miezi ya utulivu. Watu wengine walirudi mashambani na kukuta mathenge imeota hadi mlangoni. Polisi wa akiba wameanza kuandikwa upya pia, vijana, wamefunzwa. Nashukuru kwa hayo yote, nasema kwa dhati. Kijiji chetu bado hakijafikiwa.

Desemba iliyopita mtoto wa kaka alinifuata kisimani. Ana miaka 19 sasa, amemaliza kidato cha nne, alama zake nzuri. Nilimfundisha insha mwenyewe, akiishi kwangu Nakuru. Alianza mbali, kwa habari za mvua. Halafu akasema wenzake wamechangishana, na kwamba kuna mtu. Bei haisemwi kwa pesa, husemwa kwa mifugo, na yeye amebakiza mbuzi wanne.

"Baba mdogo, nisaidie hao wanne."

Nilimwambia hapana. Nilimtajia sheria, gereza, mama yake. Alisikiliza kwa adabu yote, kisha akasema: "Ya Baba waliichukua wakampa karatasi. Sasa wakija usiku, nitoke niwaonyeshe ile karatasi?"

Sikuwa na jibu, na sikutaka kumdanganya kwa kujitia ninalo. Nikamwambia usiku ule tutakaa wote nje.

Tulikaa juu ya gunia lile la Jumapili, migongo ikiegemea ukuta, tochi mbili, rungu la kaka, na chupa ya chai. Mbuzi walikuwa wakicheua. Karibu saa sita nikamsimulia habari ya akala. Hakuwa ameijua, kaka hakuwahi kuwaambia watoto. Walijua tu kwamba zamani kulikuwa na kiatu kwenye nguzo, na kwamba hawakuruhusiwa kukigusa. Nilimweleza yote, mwito mara tatu, kamba, fundo, daftari la sajenti. Alinyamaza hadi nikadhani kalala.

"Alikuwa mkubwa kama mimi?"

"Mdogo kwako."

Akawasha tochi, akaimulika ile nguzo, akaizima. Kuhusu mbuzi wanne hakusema tena, wala hakusema ameacha. Sijui atafanya nini. Ana wenzake, na wenzake wana haraka.

Mapema jioni, kabla hatujatoka, Mama alikuwa ameuliza kutoka chumbani kwake. Macho yamekwisha, masikio bado. Aliuliza kama alivyouliza tangu mimi sijui kuhesabu: "Leo ni zamu ya nani?"

"Yangu, Mama."

Alikaa kimya kidogo. "Wewe wa vitabu," alisema, bila ubaya, kama anayethibitisha jina kwenye orodha.

Saa tisa usiku mtoto wa kaka alikuwa amelala ameegemea bega langu, mzito. Nilimlaza juu ya gunia, nikamfunika koti la mvua la baba yake, nikazunguka zizi mara moja. Nikapita chumbani kwa Mama na tochi nimeifunika kwa vidole ili nisimwamshe. Blanketi lilikuwa fupi. Chini yake zilitokeza raba zake mbili, kamba zimefungwa.

Nikarudi nje, nikaketi.